Seva zikikataa, msizilazimishe

Nimepotea kidogo, lawama zote kwa projekti ya mwaka wa mwisho.

Basi juzi saa nne usiku nimefungua ukurasa wa Proxmox kwenye brauza niwashe mashine pepe yenye kazi yetu. Kwa asiyejua, maabara tuna seva tatu zilizounganishwa klasta moja, na unaziendesha zote kupitia ukurasa huo. Ukafunguka vizuri tu, na pasiwedi ikakubali. Ila seva mbili zina alama nyekundu, na kila nikibonyeza kuwasha naambiwa hakuna akidi.

Mshikaji wangu akabadili brauza, akafuta kashe, akaanza kutukana programu. Jamani, ule ukurasa ni dirisha tu! Na akidi tunaijua sote: mkutano wa serikali ya wanafunzi ukikosa watu wa kutosha haupitishi kitu. Seva tatu ni kura tatu, lazima angalau mbili zionane. Nikaingia kwenye teminali, nikaandika pvecm status: kura moja. Seva ya pili, kura moja. Ya tatu, hivyohivyo. Yaani zote ziko hai, kila moja inadhani imebaki peke yake.

Jamaa akataka tuandike pvecm expected 1, yaani seva iridhike na kura yake yenyewe. Hapo tuligombana kweli. Sawa, mashine ingewaka. Lakini mtu mwingine akifanya hivyohivyo kwenye seva ya pili na kuihamishia huko mashine ileile, zinawaka mbili na zote zinaandika kwenye diski moja ya pamoja. Projekti ya miezi minane, kwaheri. Msimamo wangu ni kwamba amri ile huigusi mpaka umeziona kwa macho yako seva nyingine zimezimika. Hasira za usiku na dedilaini si sababu. Kule kukataa ndiko kulikokuwa kunatulindia kazi.

Nikawasha tochi ya simu, nikafuata kebo. Ile swichi ndogo inayounganisha seva zenyewe kwa zenyewe (mtandao wa kutoka nje unapita kwingine, ndiyo maana ukurasa ulifunguka) imechomolewa umeme, na kwenye soketi yake imekaa chaja ya simu! Nikarudisha waya, tukasubiri kidogo, alama zote kijani.

Chaja ninayo mimi. Mwenyewe aje chumbani, na aje na maelezo.