Mshahara wa mwezi, kodi ya miezi sita

Wenzetu wanaosoma uchumi hufundishwa kwamba nyumba zikipanda bei, watu wa mjini hutumia zaidi. Mwenye nyumba anajiona tajiri, anakopa benki kwa dhamana ya nyumba yake, ananunua na gari. Marekani walienda hivyo mpaka bei zilipoporomoka, na kufikia 2008 familia nyingi zikawa zinabana matumizi.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Hapa watu wengi hujenga kidogo kidogo kwa fedha zao, na wengine wengi ni wapangaji. Viwanja na nyumba vikipanda bei, mpangaji haoni utajiri wowote, anaona kodi tu. Tena kodi yenyewe wengi wanaitaka ya miezi sita au mwaka, na juu yake mwezi mmoja wa dalali.

Tupige hesabu. Geto la 60,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mkupuo. Weka 60,000 ya dalali, inakuwa 420,000 kabla hujanunua hata godoro. Kwa boom ya 10,000 kwa siku, hizo ni siku 42 bila kula!

Kwenye familia ni hivyo hivyo. Mwezi wa kodi ukikaribia, nyama inapotea mezani, mafuta yanakuwa ya kupima, sukari robo. Na anayenunua vya kupima mara nyingi analipa zaidi ya anayenunua vingi kwa pamoja. Kwa hiyo kodi inamuumiza mara mbili.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Anaogopa mpangaji wa kutoroka usiku, na hela ya mkupuo ndiyo inayomalizia chumba kingine. Sawa. Lakini hofu hiyo inatibika kwa mkataba wa maandishi na amana ya mwezi mmoja.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Tukisubiri nyingine tutahitimu kabla haijaja. Serikali yetu ya wanafunzi ianze na wenye nyumba wanaozunguka chuo: kodi ya mwezi kwa mwezi, chuo kikiwa shahidi wa mkataba.

Na sisi wa ualimu tusidhani ni shida ya chuoni tu. Kesho tutapangiwa shule za mjini. Mshahara utaingia kila mwezi, na mwenye nyumba atataka wa miezi sita.