Daktari wa timu si mbeba chupa ya maji

Jumamosi hii ukipita karibu na uwanja wowote wa mtaani, uwe wa Kariobangi, Changamwe ama Kondele, simama kidogo utazame. Mchezaji ataangushwa, refa atapuliza kipenga, na kutoka kando ya uwanja atatimka kijana mwenye mkoba begani na chupa ya maji mkononi. Atamwagia aliyeumia maji mguuni, atampulizia dawa ya baridi, atamnyoosha goti mara mbili tatu, kisha atampiga mgongoni na kumwambia, "Inuka, umepona!" Mashabiki watashangilia. Huyo ndiye wanayemwita daktari wa timu.

Muulize alisomea wapi kazi hiyo. Mara nyingi utaambiwa kwamba alikuwa mchezaji zamani, au ni jamaa ya kocha, au alijitolea tu kwa mapenzi ya timu. Simcheki kijana huyo. Nia yake ni njema, na huenda halipwi hata nauli ya matatu. Ninaotulaumu ni sisi tuliomkabidhi uhai wa watoto wetu bila kumpa maarifa ya kuulinda.

Kabla sijaendelea, acha nikiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2008, nikiwa daktari mchanga, shule moja ya sekondari iliniomba nikae kando ya uwanja wakati wa mechi ya raga. Nilikubali kwa fahari kubwa. Nilikuwa na shahada ya udaktari na kipimo cha moyo kikining'inia shingoni. Kipindi cha pili, mvulana wa miaka 17 aligonga kichwa kwenye goti la mwenzake. Alilala kimya kwa muda mfupi, kisha akaketi. Nilimuuliza jina lake, akanijibu. Nilimuuliza ni siku gani, akasema Jumamosi. Nikammulika macho, nikaona yako sawa. Kocha alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Mvulana akarudi uwanjani na kucheza dakika 20 zaidi.

Usiku ule alitapika mara tatu. Asubuhi hakukumbuka hata kama mechi ilichezwa. Namshukuru Mungu kwamba alipona, ingawa kichwa kilimuuma kwa wiki tatu na hakuweza kusoma kitabu. Mamake aliniuliza swali moja tu: "Daktari, si wewe ulikuwa pale?"

Nilikuwa pale. Ila sikuwa nimefunzwa. Huko nyuma, mwaka 1995, mtafiti Maddocks na wenzake nchini Australia walikuwa wamechapisha utafiti ulioonyesha kwamba kumuuliza mchezaji jina lake ama tarehe hakusaidii sana kutambua mtikisiko wa ubongo, maana mambo hayo yamekita akilini na hayapotei kwa urahisi. Maswali yafaayo ni yale ya mambo ya karibuni: Tuko uwanja gani? Nani alifunga mwisho? Wiki jana mlicheza na timu gani? Nilihitimu udaktari bila kuyasikia. Katika miaka yangu ya masomo nilifundishwa malaria, uzazi, kifua kikuu na shinikizo la damu. Kando ya uwanja sikuwahi kufikishwa hata siku moja.

Kazi yenye shule yake

Hebu tutazame nchi ambayo imelichukulia jambo hili kwa uzito. Nchini Marekani kuna watabibu ambao kazi yao ni kumkinga mchezaji asiumie, kumhudumia papo hapo akiumia, na kumrejesha mchezoni akishapona. Jina lao kwa Kiingereza humfanya mtu adhani kwamba ni makocha, lakini hawamfundishi mtu kupiga mpira. Wao ni wahudumu wa afya, na hufanya kazi chini ya maelekezo ya daktari.

Nao pia hawakuanza na shahada. Hapo zamani walikuwa kama yule kijana wetu wa chupa: watu waliojifunza kwa kuangalia. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1950. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliitambua kazi yao kuwa taaluma ya afya. Hadi mwaka 2004 ilikuwa bado yawezekana mtu kufanya mtihani wa kuidhinishwa kwa kutegemea saa alizofanya kazi chini ya mtabibu mwenyeji. Mwaka huo njia hiyo ilifungwa, ikawa lazima mtu apitie chuo kilichoidhinishwa. Kisha mwaka 2015 ikaamuliwa kwamba shahada ya kwanza haitoshi tena, na kuanzia msimu wa masomo wa mwaka 2022 vyuo havikuruhusiwa kupokea wanafunzi wapya katika kiwang'o hicho. Sasa anayetaka kuingia kazi hiyo husomea shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili.

La muhimu kwangu si jina la shahada. La muhimu ni jinsi wanavyosomeshwa. Mwanafunzi hakai darasani tu akinakili. Hutumwa viwanjani, zahanatini na shuleni, na kila anapokwenda husimamiwa na mtaalamu aliyeidhinishwa. Lazima pia awe na kipindi cha wiki nne au zaidi ambacho anafanya kazi hiyo siku nzima, kama mwajiriwa. Hujifunza kumfunga shingo aliyevunjika uti, kupima joto la ndani ya mwili, kusukuma kifua cha aliyesimama moyo, na kumwambia kocha mkali, "La, huyu harudi." Hilo la mwisho, msomaji, ndilo gumu kuliko yote, wala halifundishwi kwa ubao na chaki.

Faida yake ilionekana na ulimwengu mzima tarehe 2 Januari 2023 mjini Cincinnati. Mchezaji wa Buffalo Bills, Damar Hamlin, aligongwa kifuani, akasimama, kisha akaanguka chali. Moyo wake ulikuwa umesimama. Denny Kellington, mmoja wa watabibu hao, alianza kumsukuma kifua pale pale nyasini. Hakungojea gari la hospitali wala kumwagia maji. Hamlin alipona, na mwaka huo huo akarudi kucheza.

Joto nalo huua

Huenda utasema hayo ni mambo ya raga na mpira wa Wamarekani. Basi fikiria joto. Mashindano yetu mengi huchezwa mchana, na jua la Mombasa, Garissa ama Kisumu unalijua. Mchezaji anayekimbia kwenye jua kali anaweza kupandwa na joto la ndani hadi kupita nyuzi 40. Huanza kuyumba, kuropoka ama kuwa mkali bila sababu, kisha huanguka. Wengi husema amelewa, ama ana njaa, ama amerogwa.

Mwaka 2018 chuo kikuu cha Maryland huko Marekani kilimpoteza Jordan McNair, kijana wa miaka 19, aliyezidiwa na joto mazoezini. Chuo hicho kilikiri kwamba hakuhudumiwa ipasavyo. Utaona basi kwamba hata penye wasomi, mafunzo yasipofuatwa mtu hufa. Sheria ya wataalamu ni fupi: poza kwanza, safirisha baadaye. Mgonjwa hutumbukizwa katika pipa ama karai kubwa la maji ya barafu mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 39, na yote hayo yafanyike ndani ya nusu saa. Kisha ndipo apelekwe hospitali. Palipo na foleni ya magari kama ya Nairobi, kumpakia mtu huyo kwenye gari kabla ya kumpoza ni sawa na kumpeleka kaburini polepole.

Je, ni shule ngapi zina pipa na barafu uwanjani siku ya mashindano? Pipa halina bei ya kutisha. Kinachokosekana ni mtu anayejua kwa nini liwepo.

Wanaopinga wana hoja

Nilipolizungumza jambo hili na wenzangu, mmoja aliniambia, "Wewe unataka anasa. Hospitali zenyewe hazina wauguzi wa kutosha, wewe unaomba mtu wa uzamili akae kando ya mpira!" Hoja yake ina uzito, wala siipuuzi. Huko huko Marekani walikuwapo waliolalamika kwamba shahada ya uzamili ingewabebesha vijana madeni ya karo, na kwamba shule maskini zingezidi kukosa watabibu.

Kwa hivyo sisemi tuige kila kitu. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Ninachosema ni kwamba tuige mpango, kisha tuukate kulingana na kitambaa chetu.

Kwanza, hatuanzi na mikono mitupu. Chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC kimefunza wataalamu wa tiba ya viungo kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2014 taaluma yao ina sheria na baraza lake. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayofundisha sayansi ya michezo. Hao wawili wangekutana. Mtaalamu wa viungo aliyekwisha kuhitimu, afisa wa kliniki ama muuguzi angeweza kuongezewa masomo ya mwaka mmoja au miwili ya tiba ya michezo, nusu yake ikiwa viwanjani na kwenye kambi za wanariadha kama zile za Iten, chini ya msimamizi. Hatuhitaji maelfu. Wachache katika kila kaunti wangetosha kuwa walimu wa wengine.

Pili, hao wachache wawafunze walio wengi. Kila kocha wa shule, kila refa na kila kijana wa chupa apitie kozi fupi ya siku chache: kusukuma kifua, kutambua mtikisiko wa ubongo, kupoza aliyezidiwa na joto, kutomsogeza anayelalamika shingo. Apewe cheti kinachokwisha muda wake, ili arudi kujikumbusha. Na pasiwe na mechi ya mashindano bila mwenye cheti hicho, kama vile pasivyokuwa na mechi bila refa.

Tatu, madaktari wenzangu nasi tujisute. Chuo Kikuu cha Cape Town huwasomesha madaktari tiba ya michezo baada ya shahada yao ya kwanza. Hapa kwetu daktari wa kawaida hudhani kwamba koti jeupe linamtosha. Mimi nilidhani hivyo, na mama mmoja akanifunza kwa swali lake.

Jambo hili haliwezi kungoja. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Isitoshe, mtaala mpya umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu. Maana yake ni kwamba tunawaambia watoto wetu kuwa michezo ni masomo na ni riziki. Tukiwaita uwanjani kwa baragumu, ni lazima tuwe na wa kuwapokea wakianguka.

Wewe mzazi ufanye nini?

Usingoje serikali. Siku mwanao atakapoleta barua ya kukuomba ruhusa ya kwenda mashindanoni, uliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Nani atawahudumia wakiumia, na alifunzwa wapi? Hospitali ya karibu ni ipi, na gari la kuwafikisha liko wapi? Je, akigonga kichwa, ni nani mwenye uwezo wa kumkatalia kocha? Mwalimu mkuu akikosa jibu, usigombane naye. Mwombe aitishe mkutano wa wazazi mlijadili.

Mwanao akigonga kichwa, naye akawa na kizunguzungu, kichefuchefu, usahaulifu ama uzito wa kufikiri, hachezi tena siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Ukiwa na shaka, mtoe. Akizidi kutapika, akisinzia kupita kawaida, akipatwa na kifafa ama kichwa kikizidi kumuuma, mkimbize hospitali usiku huo huo. Ubongo wa kijana ukigongwa tena kabla haujapona waweza kufura. Ni nadra, lakini likitokea mara nyingi huwa ni msiba.

Kifundo cha mguu kikiteguka, usikubali kivutwe wala kukandwa kwa nguvu siku hiyo. Mtoto asipoweza kupiga hatua nne, au akiumia mfupa unapoguswa, apigwe picha. Goti likilia "ko" na kufura ndani ya saa chache, dawa ya kupuliza haitalitibu, maana huenda kano limekatika. Na kabla ya yote, mwulize kocha kama huwapasha wachezaji mwili moto kabla ya mechi. Mpango wa mazoezi wa FIFA wa takriban dakika 20 umeonyeshwa na tafiti nyingi kupunguza majeraha kwa karibu theluthi, na hauhitaji kifaa chochote ila mpira.

Yule mvulana wa mwaka 2008 sasa ni mtu mzima. Tulikutana mjini siku moja, akanisalimu kwa furaha na kuniambia kwamba hanakili lawama yoyote moyoni. Mimi nilimwomba msamaha hata hivyo. Yeye alibahatika. Lakini bahati si mpango wa afya, na usipoziba ufa, utajenga ukuta.