Jina la Bibi Liingie Daftarini

Reading, Uingereza

Ndugu zangu wa Naipingo, Nachingwea, na nyinyi mlioolewa na kuoa upande wa Ruangwa,

  

Jumapili iliyopita mama mdogo alinipigia simu. Alikuwa shambani, wanapuliza salfa, na nilisikia mashine inavyonguruma nyuma yake. Akaniambia kijana wa jirani amepanda mbaazi hadi chini ya mikorosho mitatu ya mpakani, ile iliyo karibu na mwembe. Alipomuuliza, kijana hakumtukana wala hakupandisha sauti. Alimjibu kwa adabu: "Mama, mpaka uko wapi? Nionyeshe palipoandikwa."

Neno hilo halijanitoka kichwani wiki nzima. Kijana yule hakumjua marehemu Bibi, mama wa mama zetu. Hakumwona akichimba mashimo ya mikorosho ile. Wanaojua mpaka wetu kwa macho yao hivi sasa ni wazee watatu, na mmoja wao haoni tena vizuri.

Mama mdogo alikwenda ofisi moja, ambayo sitaitaja, kutafuta palipoandikwa. Mara ya kwanza aliambiwa mhusika hayupo. Mara ya pili aliambiwa faili halionekani. Mara ya tatu akaambiwa alete barua, lakini hakuna aliyemweleza barua hiyo iseme nini na iandikwe kwa nani. Safari tatu, nauli tatu, na magoti yake mabovu. Nimeandika barua hii kwanza kwa ajili yake, lakini najua nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa ziko katika hali hiyo hiyo, ndiyo maana nimeiacha wazi isomwe na yeyote.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila jioni, na nilianzia mahali ambapo huenda hamkupategemea. Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew, magharibi mwa London, si mbali na hapa kwa treni. Kadi ya msomaji hutolewa bure, na karatasi unaruhusiwa kuzipiga picha kwa simu yako. Humo zimo barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika, katika mfululizo unaoitwa CO 691, na humo ndimo unaweza kuufuata Mpango wa Karanga ambao wazee wetu walikuwa wakiusimulia. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake walipita nchini na kupendekeza mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na sehemu kubwa kupita zote ingekuwa huko kwetu Kusini. Wakajenga reli hadi Nachingwea. Wakaleta matrekta. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, ikiwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya sitini, na sasa tumebaki na jina la Stesheni pasipo na treni.

Nilipokuwa nikifungua karatasi hizo nilikuwa na tamaa ya kipuuzi kwamba nitamwona babu yake Bibi mahali fulani. Sikumwona. Nilikuta ekari, tani, mashine, bei ya mafuta. Wenye ardhi hawakutajwa kwa majina katika zile nilizosoma, waliitwa wenyeji, basi. Niliumia sana siku ile nikiwa kwenye treni ya kurudi. Waliweza kuhesabu kila boliti iliyoshushwa bandarini, lakini mwanamke aliyelima ardhi ile kabla yao hawakumuuliza jina. Msinielewe kwamba safari ya nyaraka haina faida. Dar es Salaam iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye vitabu vya wilaya walivyoandika mabwana shauri, na anayetaka historia ya jumbe fulani au mahame fulani aende. Ila mpaka wa shamba hautatoka huko.

Mpaka wetu ulianza na Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini. Hili naomba mlisome polepole, kwa sababu limeleta maneno mengi kwenye ukoo. Bibi alikuwa na makazi ya zamani, yale tunayoyaita mahame, akahamishwa kutoka huko. Kisha akaonyeshwa eneo jipya kijijini. Aliyemwonyesha alinyoosha panga tu: kutoka mwembe ule hadi bondeni. Hakuna karatasi. Wajomba wengine husema kwa kuwa hakuna karatasi, eneo la operesheni ni la serikali na haki yetu iko mahameni. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 1 Mei 2001, inasema katika kifungu cha 15 kwamba mgao wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 ni halali, hata kama siku ile haukufuata sheria. Kwa hiyo panga la yule aliyemwonyesha lilitosha. Na kwa kifungu hicho hicho, aliyegawiwa kipande cha mahame yetu miaka ile, tusimfuate na mashoka. Naye alionyeshwa na panga.

Tena Mahakama ya Rufani mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Ile ilikuwa kesi ya watu wa kaskazini, lakini inatuhusu kama ilivyowahusu wao. Mama mdogo ana haki leo, kabla ya hati yoyote. Asiogope kuingia ofisini kana kwamba anaomba fadhila.

Sasa alichokwama nacho. Aliingia akauliza "hati ya shamba". Hati haipo, kwa sababu hatujawahi kuiomba, na mtumishi akijibu kwamba haionekani hajasema uongo. Anachotakiwa kuulizia ni daftari. Kila kijiji kinapaswa kuwa na daftari la ardhi ya kijiji, na mtunzaji wake kisheria ni mtendaji wa kijiji, si mwenyekiti wala si mjumbe wa kitongoji. Kama kijiji kimefanya mpango wa matumizi bora ya ardhi, kutakuwa na ramani na muhtasari wa mkutano mkuu ulioupitisha. Waliokwisha kupata hatimiliki za kimila, kumbukumbu zao ziko kijijini na pia kwenye masjala ya ardhi ya wilaya, maana hati hiyo husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, mwenye ardhi akaweka saini au dole gumba, kisha afisa ardhi wa wilaya akaisaini, akaigonga mhuri na kuisajili. Hata jirani yetu akiwa na hati, tunaweza kuujua mpaka wetu kwa kuutazama wake.

Wa Ruangwa, kumbukeni kwamba wilaya yenu ilitoka Nachingwea mwaka 1995. Mkitafuta muhtasari au barua ya miaka ya themanini mkaambiwa haupo, ulizieni Nachingwea kabla ya kukata tamaa. Na mwenye kiwanja kilichopimwa mjini, huyo njia yake ni nyingine: anafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa namba ya kiwanja na kitalu, analipa ada ya serikali, anapewa jibu la maandishi.

Kuhusu barua aliyoambiwa alete, nimeshaiandika na nitamtumia kijana wa mjomba aichapishe. Ni fupi. Inamwendea mtendaji wa kijiji, ina tarehe, inataja kitongoji, majina ya majirani wa pande nne, na jina la Bibi kama lilivyokuwa kwenye kadi yake. Inaomba mambo mawili tu: kuona daftari la ardhi ya kijiji, na kupewa nakala ya muhtasari wowote unaohusu eneo lile. Inataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu. Chapisheni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani. Mhuri huo ndio utakaompa mama mdogo la kusema akirudi mara ya nne. Atakayesaini ni yeye, siyo mimi, na kuna sababu: haki hiyo sheria imeitoa kwa raia. Mimi bado nina pasi ya Tanzania, lakini jamaa zetu wengine huku wamechukua uraia wa nchi hizi, na barua zao zinaweza kukataliwa. Ombeni nyinyi mliopo.

Wakati tukisubiri jibu, kusanyeni vinavyoshuhudia. Daftari la chama cha msingi linaonyesha Bibi alikuwa akipeleka korosho msimu gani na kilo ngapi. Stakabadhi za zamani zimo ndani ya lile sanduku la bati chini ya kitanda, msizitupe hata zilizoliwa na mchwa. Bodi ya Korosho inawasajili wakulima na mashamba yao ili wapate pembejeo, basi angalieni kwa jina la nani shamba letu limeandikwa huko. Hivi si hati ya ardhi. Ila mbele ya baraza la ardhi la kijiji, mtu mwenye stakabadhi za misimu ishirini na wazee wawili wa mpakani haongei kama mtu mwenye maneno matupu.

Halafu tuombe hatimiliki ya kimila, na hapa ndipo ninapowasihi kwa moyo wangu wote.

Kwetu shamba linapita kuukeni. Bibi alilipata la mahameni kwa mama yake, na mama zetu wamelilima hili kwa sababu ni watoto wake. Mjomba ndiye msemaji wa ukoo, ndiye anayekaa mbele kwenye kikao, na hatujawahi kugombana juu ya hilo. Lakini fomu haijui kuukeni. Fomu inauliza jina la mwombaji, na anayekwenda ofisini mara nyingi ni mwanamume, kwa kuwa ana baiskeli, anajua kusoma, au magoti yake ni mazima. Anaandika jina lake kwa nia njema kabisa. Akifariki, watoto wake wanarithi kwa jina lililoandikwa, na dada zake wanageuka wapangaji kwenye mikorosho waliyoikuta kwa mama yao. Nimeona nyumba mbili tunazozifahamu zikivunjika hivyo. Wajomba zangu, nawaheshimu, na sina shaka na hata mmoja wenu. Naomba hati iandikwe majina ya mama zetu wote waliobaki hai, kwa pamoja. Kamati ya uhakiki ya kijiji itakapokuja na kifaa chake cha kupimia kupita mpakani, mama mdogo awe mbele anaonyesha. Sheria yenyewe imetaka wanawake wasiopungua wanne katika kamati hiyo ya watu wasiozidi tisa. Hatakuwa peke yake.

Na msiseme tusubiri. Mmeona Matambalale, huko Ruangwa, madini ya kinywe yamegeuza mashamba kuwa mgodi. Siku mthamini anapofika na karatasi zake, swali lake la kwanza ni mkorosho huu ni wa nani, na siku hiyo si siku ya kuanza kikao cha ukoo.

Mirathi ya Bibi, ifungueni Mahakama ya Mwanzo. Kinachohitajika ni cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na msimamizi mliyemkubali. Cheti cha kifo hatukuwahi kukichukua, tuanze nacho.

Limebaki langu. Niliondoka nchini nikiwa na shamba la ekari nne nililokatiwa na mjomba mkubwa, Mungu amrehemu. Sikumwachia mtu kwa maandishi, na sikuwahi kuiarifu halmashauri ya kijiji. Juzi nimesoma kifungu cha 45 cha sheria ile ile: ardhi inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa ikiwa imekaa miaka mitano bila kutumika, au ikiwa mwenye nayo ametoka nje ya nchi bila kumweka mtu wa kuiangalia na bila kukipa kijiji taarifa. Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu. Nimekuwa nikituma fedha za sikukuu, za matanga, za ada, nikaamini kwamba bado nipo Naipingo. Kijijini, kwa maandishi, nilikuwa nimekwisha kuondoka. Ninyi ndio mlioendelea kulipalilia bila kuniuliza chochote.

Basi taarifa yangu kwa halmashauri ya kijiji nimeiandika na kuisaini, pamoja na hati ya uwakilishi ambayo nitaithibitisha ubalozini London Jumatano ijayo. Inamtaja binti wa mama mkubwa kuwa mwangalizi wa ekari zile nne. Tayari analima ufuta pale, na mavuno ni yake. Akitaka shamba lenyewe aniambie, tutaandikiana.

Nauli ya kwenda Nachingwea mjini na ya kurudi, ya watu wawili, nimeituma leo kwenye simu ya mama mdogo, pamoja na ya kuchapisha. Waende pamoja na yule mzee asiyeona vizuri, wapite naye kwanza mpakani asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na mtoto mmoja ashike simu amrekodi akitaja kila mti. Aanzie kwenye mwembe.

Wenu, mtoto wa Naipingo aliyeko Reading