Mwanza Inajua Kuhesabu

Mtoto wa miezi minane akiletwa kituoni na homa kali, anatapika, shingo imekakamaa na utosi umevimba, kwetu Kanda ya Ziwa jina la kwanza kutajwa ni malaria. Akianza kushtuka, wapo watakaosema ni degedege, apitishwe kwa mganga wa kienyeji kwanza. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria hukumbukwa mwisho, na mara nyingi ikikumbukwa sindano za antibayotiki zimeshachomwa. Maji ya uti wa mgongo yakifika maabara hayaoteshi kitu. Apone au afe, mtoto huyo huandikwa chini ya ugonjwa mwingine.

Toleo hili linahusu chanjo na homa hiyo ya uti wa mgongo, nami nalifungua kwa lawama: tunaisifu chanjo bila kuhesabu ilichotufanyia.

Tanzania ilianza kuchanja dhidi ya Hib, yaani Haemophilus influenzae aina b, mwaka 2009, ndani ya pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja. Chanjo ya nimokoka, bakteria wengine wanaoleta homa hii, ilizinduliwa Desemba 2012. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Bakteria hawa hujifunika ganda la sukari ambalo kinga ya mtoto chini ya miaka miwili hailitambui vizuri. Ndiyo sababu ndani ya chanjo sukari hiyo imefungwa kwenye protini, mwili upate kushtuka. Faida yake huvuka aliyechanjwa: bakteria hupungua puani na kooni, na kichanga wa nyumba hiyohiyo ambaye siku yake haijafika hukingika pia.

Waliohesabu ni jirani zetu. Uganda, tunaochangia nao ziwa hili, ilianza chanjo ya Hib mwaka 2002. Katika hospitali zilizofuatiliwa, homa ya uti wa mgongo ya Hib ilishuka kwa asilimia 85 ndani ya miaka minne, na mwaka wa tano hakupatikana hata mgonjwa mmoja. Kilifi, Kenya, ambako chanjo ilianza 2001, magonjwa makali ya Hib kwa watoto chini ya miaka mitano yalishuka kutoka watoto 66 kwa kila 100,000 hadi wasiozidi 8 kufikia 2005. Kilifi hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na maabara inayootesha damu ya watoto wanaolazwa, na sensa ya kaya zinazoizunguka hospitali.

Mwanza nayo si mgeni wa kazi hii. Utafiti uliofanyika vijijini kwetu kati ya 1991 na 1994 ndio ulioionyesha dunia kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kisesa, wilayani Magu, kaya zimekuwa zikihesabiwa tangu 1994. Ujuzi upo, na kilima cha Bugando kina hospitali yenye maabara.

Atauliza mtu: kama chanjo imeshathibitishwa, hesabu ya nini tena? Nimokoka wana aina zaidi ya 100, nasi tulianza na chanjo ya aina 13. Zilizobaki zinaweza kujaza nafasi bila sisi kujua. Halafu kuna visiwa. Wavuvi wa dagaa huhama mwalo hadi mwalo na familia zao, kadi ya kliniki ikabaki Ukara mtoto akiwa Kome, na wastani wa mkoa ukaendelea kupendeza kwenye ripoti. Tena wapo vichanga wa chini ya wiki sita, wanaougua kwa bakteria wengine kama Klebsiella, ambao chanjo hizi haziwagusi kabisa. Tusipowatenganisha kwa umri, vifo vyao vitabebeshwa chanjo, na wapotoshaji hawatakosa la kusema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria huua mgonjwa mmoja kati ya sita, na mmoja kati ya watano hubaki na athari nzito: uziwi, kifafa, ulemavu wa akili.

Kwa waganga wakuu wa wilaya, kuanzia Ukerewe hadi Sengerema, ombi letu ni dogo. Hali ya mtoto ikiruhusu, maji ya uti wa mgongo yachukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, pasipo kuchelewesha tiba, na tarehe za chanjo ziandikwe kwenye faili lake. Nawe mzazi, daktari akikuomba ruhusa ya kuchukua maji hayo, usiogope maneno ya mtaani kwamba sindano hiyo inapoozesha. Mruhusu.