Msanii Chipukizi Mwenye Mvi

Niliwahi kulipwa shilingi 40,000 kuandika uongo wa maneno sitini.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vile vikaratasi vinavyobandikwa ukutani kando ya picha kwenye maonesho: jina la msanii, mwaka, rangi aliyotumia, na aya moja ya kumfanya mgeni aliyeshika glasi asimame dakika mbili zaidi kabla hajaenda kusalimiana na wenzake. Galari iliyonipa kazi hiyo ni ndogo, ya biashara, vyumba viwili vyenye kiyoyozi upande wa Masaki. Sitalitaja jina lake. Nilikula pale misimu mitatu, na sehemu ya lawama ninayoimwaga hapa ni ya kwangu.

Uongo wenyewe ulikuwa neno moja: chipukizi. Niliambiwa niliweke kwenye sentensi ya kwanza. Mtu niliyekuwa namwandikia alikuwa na miaka 43, mvi zimeshaanza kwenye kidevu, mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha tatu, na amechora kwa miaka 19. Nikamuuliza mwenye galari kama tuna uhakika na neno hilo. Akanijibu kwa upole kabisa, "Ni mpya kwetu."

Nikaandika. Sikuuliza "kwetu" ni kwa nani.

Nauliza leo.

Huyo kaka namfahamu tangu utoto kwa sababu wote tumekulia Wazo, mitaa miwili tu kati ya kwao na kwetu. Kwa wasiopafahamu: ukitoka Mwenge kwa barabara ya Bagamoyo, ukipita Tegeta, mkono wa kushoto utakiona kiwanda cha saruji cha Twiga. Kiwanda hicho kilianza kuzalisha mwaka 1966, na tangu hapo kimekuwa kikikila kilima kilichokipa mahali petu jina. Mawe ya chokaa yanachimbwa, yanasagwa, yanachomwa, yanaingia kwenye mifuko ya kilo hamsini. Sisi tuliokua pale tunajua vumbi lake linavyotua kwenye majani ya mwembe na kwenye nguo zilizoanikwa.

Kaka anaishi kwa kuandika mabango. Saluni, gereji, maduka ya vifaa vya ujenzi, duka la dawa za mifugo kwenye njia ya kwenda Madale: ukiona herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu zilizonyooka bila rula, ni mkono wake. Na kila mwaka masika yakiisha, anga likishasafishwa na mvua, huchukua siku chache, akasimama mahali palepale, akakichora kile kilima. Rangi huichanganya na vumbi la saruji analolikung'uta mwenyewe kwenye paa la banda lake. Wakati galari inampata alikuwa ameshafikisha picha kumi na moja, za miaka kumi na moja. Ukizipanga kwa mfululizo, unakiona kilima kinapungua. Ukiitazama moja peke yake, unaona kilima tu.

Galari ilichagua tatu. Zilichaguliwa zile ndogo, kwa sababu maonesho yale yalikuwa ya Novemba na wanunuzi wa Novemba wanatafuta kitu cha kuingia kwenye sanduku la safari. Hilo si tusi langu. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye kikao. Miaka iliyochaguliwa haikufuatana, na zilitundikwa kuta tofauti.

Mbili ziliuzwa, kila moja shilingi 600,000. Galari ikachukua nusu. Katika 600,000 iliyobaki wakakata 90,000 za fremu, ambazo yeye hakuziomba. Bajaji ya kupeleka picha alilipa mwenyewe, maana kwenye daladala konda alimwambia mzigo ule unakaa siti mbili. Fedha aliipata baada ya miezi minne.

Naomba tusishikane hapo kwenye nusu. Najua kodi ya Masaki, najua bili ya kiyoyozi, najua kwamba kuna miezi galari ile haiuzi hata kadi ya salamu. Mfanyabiashara anayetia mtaji wake kwenye picha za watu wasiojulikana ana haki ya kula. Hasira yangu imeanzia kwingine.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, kaka alipeleka picha ya kumi na mbili. Siku hiyo na mimi nilikuwa nimekwenda kufuata malipo yangu. Aliipeleka kubwa makusudi, kwa sababu mwaka ule ukingo wa machimbo ulikuwa umebadilika, na alitaka nafasi ya kuuonesha. Alipokelewa vizuri, akapewa maji baridi, kisha akaambiwa: msimu huu tunatafuta sura mpya.

Tulirudi pamoja. Kwenye foleni ya Mwenge, picha ikiwa imefungwa shuka na kuegeshwa magotini kwetu, akaniambia, "Mdogo wangu, mwezi wa kumi na moja nilikuwa chipukizi. Mwezi wa sita nimeshazeeka?"

Nilicheka, kwa kuwa yeye alicheka. Lakini swali lile lilikuwa limemaliza kila kitu. Alikuwa chipukizi, kisha akawa hayupo. Katikati hapakuwa na hatua yoyote: hakuna msanii aliyekomaa, hakuna onesho la pili, hakuna mtu aliyekaa naye kumuuliza mwakani unaelekea wapi.

Nikaanza kuhesabu. Katika misimu mitatu niliyofanya kazi pale, niliwaandikia wasanii kumi na wanne. Kumi na mmoja niliwaita chipukizi, sura mpya au sauti mpya. Katika hao kumi na mmoja, aliyerudi ukutani ni mmoja tu.

Sababu ninaijua, maana nilikaa kwenye vikao. Neno "mpya" linafanya kazi tatu kwa mkupuo. Linashusha bei, kwa sababu msanii mpya hawezi kudai. Linampa mnunuzi raha ya kugundua, aende nyumbani akawaambie wageni wake, "Huyu nilimpata mapema." Na linaiokoa galari na kazi iliyo ngumu kuliko zote, ambayo ni kumsubiri mtu. Ukibadilisha watu kila msimu, hulazimiki kungoja mtu abadilike.

Sasa tuangalie waliotutangulia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwenye mbao laini za dari, kwa rangi za kung'aa zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Aliuza kazi zake nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu. Kwa kalenda ya leo tungesema alikufa akiwa chipukizi. Lakini kilichobaki si jina lake tu. Kilibaki kikundi cha ndugu na wanafunzi waliofundishana, ambao baadaye walianzisha ushirika, na mpaka leo kuna watu wanachora eneo lile lile. Hawakuwa na kiyoyozi. Walikuwa na mahali pa kurudi kesho.

Au George Lilanga, Mmakonde, aliyezaliwa mwaka 1934. Alianza kazi Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, akiwa anakaribia miaka arobaini. Tayari alikuwa mchongaji. Pale akapata karatasi, bati, nguo za batiki na rangi, na vile viumbe vyake vyenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha vikahama kutoka kwenye mti kwenda kwenye kila kitu alichokigusa. Kabla hajafariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimeshaoneshwa Ulaya, Marekani na Japani. Nyumba ya Sanaa haikuwa galari ya biashara, nakubali. Lakini jaribu kumpitisha Lilanga yule wa miaka 39 kwenye mlango wa msimu. Angetundikwa Novemba, Juni angeambiwa ahsante.

Sam Ntiro naye, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki 1993, alichora maisha ya wakulima wa Kilimanjaro tena na tena kwa miongo. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko Museum of Modern Art, New York. Hakuna aliyemwambia kwamba mlima ameshauchora, alete kingine.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia na lina uzito: ukimruhusu msanii arudi na kitu kilekile, utapata twiga yuleyule chini ya mbuyu uleule, mita kwa mita, kama sehemu nyingi za watalii. Ni kweli kurudia kunaua. Lakini twiga yule anarudiwa kwa sababu mnunuzi ni mpita njia, hatarudi, na mchoraji anajua hatarudi. Galari inayobadilisha wasanii kila msimu inatengeneza hali hiyohiyo kwa upande wa pili: mchoraji ndiye anayefanywa mpita njia. Mtu anayejua atapewa nafasi moja tu haleti kazi iliyo ngumu. Analeta ile itakayouzika usiku wa ufunguzi.

Jibu la pili ni kwamba vijana nao wanahitaji nafasi. Wanahitaji. Mimi mwenyewe ni kijana na ningependa kuziona kazi zao. Ila kijana wa miaka 22 anayetundikwa leo anahitaji kujua kwamba akiwa na 25 mlango bado upo. Kumfungulia mmoja kwa kumtoa mwingine ni kuwapa wote wawili nusu ya kitu. Nafasi Art Space pale Mikocheni imekuwa ikiwapa wasanii studio tangu mwaka 2008. Walau kuna mji mmoja wa kwenda kufanya kazi siku ambayo hakuna ufunguzi. Galari za biashara haziwezi kuwa hivyo, na hazihitaji kuwa hivyo. Zinaweza kuwa na kumbukumbu.

Hizi ndizo hoja zangu kwa wenye galari ndogo, na hakuna inayohitaji mfadhili. Katika kila misimu minne, mmoja uwe wa waliowahi kuoneshwa, na waoneshwe kazi walizofanya tangu hapo. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba, kama inavyoandikwa tarehe ya ufunguzi. Msanii aambiwe picha yake imekwenda kwa nani, ili siku akitaka kuziweka kumi na mbili pamoja ajue pa kuazima. Na picha ikiuzwa tena kwa bei kubwa, kitu kimrudie aliyeichora: Ufaransa iliweka haki hiyo mwaka 1920, na majirani zetu Kenya wakaiingiza kwenye sheria mwaka 2019, asilimia 5. Mkataba wa kurasa mbili unaweza kuibeba leo hii.

Na sisi, wewe na mimi tuliosoma, tunaolalamika kwamba sanaa ya Dar inanunuliwa na wageni? Tunakwenda ufunguzi. Tunapiga picha mbele ya picha. Tunasema bei ni za wazungu. Kisha wiki hiyohiyo tunachangia harusi ya mtu tuliyesoma naye chuo mwaka mmoja, kadi ya laki moja, bila kunung'unika. Fundi wa Keko anakubali nidundulize kabati miezi mitano. Kwa nini nisidundulize picha? Niliwahi kulipendekeza hilo kwenye kikao, nikaambiwa litashusha hadhi. Hadhi ya nani, sikuambiwa. Lakini pia sikwenda kwa kaka, mitaa miwili tu kutoka kwetu, kumwambia nataka kununua. Miaka yote ile niliandika kuhusu kilima chake na sikuwa na hata kipande chake ukutani.

Mwezi uliopita nilikwenda. Picha zipo nyuma ya kochi, zimefunikwa shuka, kumi kati ya kumi na mbili. Mbili zimekwenda, hajui wapi. Tulizitoa nje, tukaziegesha kwenye ukuta wa uzio mmoja baada ya mwaka, tukaacha nafasi mbili wazi pale zilipokosekana. Mama mmoja jirani aliyekuwa anapita na ndoo akasimama. Akatazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akashusha ndoo. "Hee," akasema, "kumbe kilikuwa kirefu hivi?" Kisha akaita watoto waje waone.

Hakukuwa na kikaratasi chochote ukutani.

Nilimuuliza kaka kama amechora ya mwaka huu. Akasema hapana, mabango yamekuwa mengi, na kanvasi imepanda. Akaongeza, kama mtu anayezungumzia jambo la mwingine, kwamba labda kumi na mbili zinatosha.

Hazitoshi. Kilima bado kinapungua.

Jana galari ilinitumia ujumbe. Maonesho ya Novemba yanakuja, kuna sura mpya tano, maneno sitini kila mmoja, malipo yameongezwa. Nimejibu kwamba nitaandika bure, maneno mia tatu, kuhusu mtu mmoja waliyewahi kumuonesha, wakimpa ukuta mrefu na kumi na mbili zote, na wakinisaidia kuwatafuta wale wanunuzi wawili. Nimeweka pia shilingi 50,000 kwa kaka, ya kwanza ya kudunduliza. Nimechagua ile kubwa aliyorudi nayo Juni.

Bado hawajanijibu.