Mtambo Ukague Umbo, Mwalimu Akague Maana

Katika kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta, swali moja halina budi kuulizwa mapema: nani asahihishe? Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hawezi kuisoma kazi ya kila mmoja mstari kwa mstari. Hapana shaka atavutwa kuukabidhi mtambo kazi hiyo. Sisi tunaona kwamba yafaa aukabidhi, lakini nusu yake tu.

Ukaguzi wa namna hii si jambo jipya. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Laboratories, huko Marekani, alieleza programu iitwayo lint, ambayo kazi yake ni kuisoma programu nyingine na kuonyesha mahali penye mashaka, kama vile jina lililotajwa pasipo kutumiwa, au amri isiyoweza kufikiwa kamwe. Tangu hapo kanuni zimeongezeka: majina yaandikwe vipi, mistari ianzie wapi, mafaili yapangwe katika folda zipi. Shabaha yake ni kwamba mtu aweze kuisoma kazi ya mwenzake bila ya kumtafuta mwenyewe ampe maelezo. Wanachuo wasizione kanuni hizi kuwa ngeni. Tarehe, kichwa cha habari na pambizo katika daftari la mtoto vina shabaha hiyo hiyo.

Kwa shule za msingi mfano ulio karibu ni Scratch, lugha ya vipande vya rangi iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ambayo hupatikana hata kwa Kiswahili. Watafiti wa Hispania, Jesús Moreno-León na Gregorio Robles, wameitengenezea mkaguzi aitwaye Dr. Scratch. Mkaguzi huyo huonyesha wahusika ambao mtoto hakuwapa majina, amri zilizorudiwa bure na zile zisizotendeka. Kisha hutoa alama; hapo awali zilikuwa 0 hadi 3 katika nyanja 7, jumla alama 21.

Hapo ndipo penye hatari. Mtambo hutazama kama kipande fulani kimo. Hauulizi kama kinahitajika. Mtoto mwerevu atatambua upesi kwamba akibandika vipande vya ziada alama hupanda. Programu yake ya kujumlisha bei ya magunia ya mpunga yaweza kutoa jibu la uongo, na bado ikasifiwa kwa majina mazuri na mpango safi. Tukiziandika alama hizo katika rejista, tutakuwa tumemfundisha mtoto kuupendeza mtambo.

Walimu watakaopangiwa Shinyanga na Geita wanalo fumbo zuri la kuwaelezea watoto jambo hili. Mjini Geita, ambako soko la dhahabu lilifunguliwa mwezi Machi 2019, watu wanajua thamani ya kipimo. Mtambo wa eksirei upimao usafi wa dhahabu hutoa jibu kwa muda mfupi, lakini husoma tabaka la juu tu. Kipande kilichofunikwa kwa dhahabu nene chaweza kuudanganya. Mnunuzi mwangalifu hautupi mtambo kwa sababu hiyo. Huongeza mizani, na pengine hukiyeyusha kipande.

Basi tunapendekeza utaratibu huu. Kwanza, mtoto mwenyewe aupe mtambo kazi yake kabla ya kuileta kwa mwalimu, arekebishe makosa ya umbo, na asipewe alama kwa hilo. Pili, kila kanuni ielezwe sababu yake, maana kanuni isiyo na sababu huwa amri tupu. Tatu, mwalimu atumie muda uliookolewa kwa maswali ambayo mtambo hauwezi kuyauliza: Kazi hii imekusudiwa kufanya nini? Ukiipa namba nyingine itajibu nini? Kwa nini umekiweka kipande hiki hapa?

Shule isiyo na kompyuta isingoje. Watoto wabadilishane madaftari, kila mmoja akague umbo la kazi ya mwenzake kwa orodha ya mambo matano iliyoandikwa ubaoni. Jibu lenyewe wamwachie mwalimu. Kwa njia hiyo watazoea kutofautisha kazi iliyopangika na kazi iliyo sahihi, na siku kompyuta itakapofika hawatauchukua usafi wa ukurasa kuwa ushahidi wa ukweli.