Kumpiga Mtoto Si Kumtelekeza

Chukua mzazi wa Naro Moru, ashindaye katika shamba la viazi ili mwanawe apate kula. Akishtakiwa kwa kumcharaza mtoto huyo, huenda akasikia mahakamani neno "kutelekeza", naye atastaajabu: kamtelekeza nani, ilhali alimlisha jana? Huo si ukaidi. Katika Kiswahili, kutelekeza ni kuacha bila kujali. Fimbo ni kadhia nyingine.

Mkanganyo huu una asili yake. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Watoto ya 2001 kiliuweka ukatili na utelekezaji chini ya paa moja, kisha kikamwachia mzazi haki ya kutoa adhabu ya kiasi. Kiasi gani? Mikono mingi ilijificha hapo. Katiba ya 2010, ibara ya 29, ikaikataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoifuta ile ya 2001, haikuirithi ruhusa hiyo. Ilistahili kuondoka.

Utetezi uliosalia ni wa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini hamna fimbo humo! Mtoto hulia hata akinyimwa peremende. Fimbo iliingizwa na wafasiri, kama walivyoligeuza "kutia adabu" kuwa kupiga, ingawa adabu ni mwenendo mwema.

Basi mkalimani wa mahakama amwambie mzazi huyo waziwazi: unashtakiwa kwa kumpiga na kumuumiza mwanao. Hapo atajua la kujibu.